Nyuma ya Shorobo: Kutoka Karura hadi Msitu wa Ngong Road

Jumatatu, Karura

Baridi ya Julai ikishashika Nairobi, jua huchungulia saa tano au lisichungulie kabisa, na ndege nao huchelewa kuchangamka. Nilipita lango la upande wa Limuru Road saa moja na nusu asubuhi, ukungu ungali umetanda kati ya miti, nikashika njia inayoteremka mtoni. Nimeazimia wiki hii kumfuata ndege mmoja tu, shorobo wa Hartlaub, katika kila kipande cha msitu kilichobaki ndani ya jiji, nione anaishije humo na anavukaje kutoka kimoja kwenda kingine.

Wakazi wengi wa upande huu wa jiji wamemsikia hata kama hawajawahi kumtia machoni. Ni ule mlio mzito wa kooni, kaa-kaa-kaa-kaa, unaoanza taratibu kisha ukapanda, na kabla haujakatika mwingine anaudaka kutoka ng'ambo ya bonde. Wengi hudhani ni kima. Askari wa lango hakuwa miongoni mwao.

"Hao ndio saa yetu, mama," aliniambia akinirudishia kitambulisho. "Akianza mmoja hapa, wanaitikiana hadi kule Kiambu Road. Wewe nenda penye mugumo, utawakuta."

Nikaenda penye mugumo, ule mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Ulikuwa umezaa, chini yake kumetapakaa matunda yaliyokanyagwa na paa wadogo, na juu kulikuwa na karamu: ninga, kwezi, shore, na kundi la kuzumburu wakining'inia kifudifudi. Shorobo walikuwa wawili. Unaweza kutazama mti dakika kumi usiwaone, maana kijani chao ni kijani cha jani lenyewe, mpaka mmoja asogee. Na wanavyosogea ndivyo vinavyowatambulisha. Hawarukiruki kutoka tawi hadi tawi kama ndege wengine. Wanakimbia. Huyu alikimbia juu ya tawi zima, mkia ameuinua, akageuka kwenye panda na kupanda tawi la juu bila kufungua bawa. Kidole cha nje cha mguu wake kinaweza kuelekea mbele au nyuma kadiri anavyotaka, kwa hiyo hata tawi jembamba lenye umande halimtelezeshi.

Alinifikia karibu, pengine mita nane juu yangu. Kishungi cheusi chenye weusi wa zambarau, doa jeupe mbele ya jicho na mstari mweupe chini yake, na kulizunguka jicho pete ya ngozi nyekundu inayong'aa. Alichuma tunda, akalirusha nyuma kidogo mdomoni na kulimeza zima. Niliona koo likivimba na kushuka. Tunda lingine, lingine tena, kisha akatulia, akajinyoosha, akaruka kwenda mti wa pili. Hapo ndipo mabawa yalipofunguka, na chini ya kijani kile kukatokea wekundu mkali ambao mtu hawezi kuukisia ndege akiwa ametua.

Karura ina hekta 1,041. Wapo wanaokuja kukimbia na kuendesha baiskeli wasiojua kwamba miaka ya 1990 msitu huu ulikuwa umegawiwa wajenzi binafsi vipande vipande. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikuja hapa kupanda mti wakapigwa na kundi la watu waliowekwa kuulinda uwanja usiokuwa wao. Alivuja damu kichwani siku hiyo. Kila nikisimama chini ya mti uliozaa hapa namkumbuka, na leo nilimkumbuka zaidi kwa sababu ya hao wawili waliokuwa wakila juu yangu. Shorobo hawezi kuishi katika uwanja wa gofu wala katika bustani ya maua. Anataka miti mikubwa iliyofuatana.

Jumanne, Waiyaki Way na City Park

Asubuhi nilikwenda kuutazama ule mugumo wa Westlands, kandokando ya Waiyaki Way. Mti huu una umri unaokadiriwa kuwa karne moja na urefu wa jengo la ghorofa nne. Ulipangiwa kung'olewa kupisha barabara ya Expressway, watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 rais akatoa amri ya kuuhifadhi. Leo magari yanapita kila upande wake. Nilikaa nao hadi saa nne. Walikuja kuzumburu, wakaja shore, mwewe mmoja akatua kileleni. Shorobo hakuja.

Sikumtarajia sana. Shorobo ni mkimbiaji hodari na mrukaji mzito. Mabawa yake ni mafupi na ya mviringo. Akitaka kuhama hupanda hadi kileleni mwa mti, akapiga mabawa mara chache, kisha akajiachilia kuteleza hewani hadi mti unaofuata, na hapo anaanza tena kupanda. Bonde lenye miti analivuka bila taabu. Mahali pa wazi papana, penye kelele na penye mwewe, hapapendi. Kwa hiyo mugumo wa Waiyaki Way umeokolewa, na nafurahi kwamba umeokolewa, lakini kwa shorobo ni kama meza iliyoandaliwa katikati ya ziwa.

Nikashuka kwa miguu hadi City Park. Hapa ndipo walipolala Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa 1965. Nyuma ya bustani kuna msitu wa asili wa muhugu, mdogo na uliochoka, takataka zimelala kandokando ya njia. Lakini shorobo wamo. Niliwasikia kabla sijafika kwenye daraja, na mzee mmoja anayefagia njia akanionyesha kwa ufagio wake pale wanapolala.

"Walikuwapo nilipoajiriwa hapa, nikiwa kijana," alisema. "Hawa hawahami, binti yangu. Labda uwahamishe wewe."

Mzee huyo ndiye aliyenionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu. Kwenye panda ya muhugu mkubwa, mita tano kutoka ardhini, kulikuwa na mche wa mugumo wenye majani saba au manane, mizizi yake miwili tayari imeanza kuteremka juu ya gome kama nyuzi. Hakuna mtu aliyeupanda. Ndege alikula tunda la mugumo mahali pengine, akaja kupumzika pale, akajisaidia, na mbegu ndogo kuliko punje ya wimbi ikapata unyevu kwenye ufa wa gome. Tumbo la shorobo halisagi mbegu. Tunda linapita upesi, nyama inayeyuka, mbegu inatoka nzima. Miaka ikipita mizizi hiyo itagusa udongo, itanenepa, itaukumbatia muhugu, na pengine wajukuu wa mzee huyu watauita mti ule mugumo bila kujua kwamba ndani yake kulikuwa na mti mwingine.

Na tunda lenyewe nalo lina mtu wake. Kila aina ya mkuyu na mugumo ina nyigu wake wadogo mno wanaoingia ndani ya tunda changa kulichavusha na kutaga humo. Ili nyigu hao wasikose pa kwenda, lazima wakati wowote kuwe na mti fulani unaozaa. Ndiyo maana migumo ya msitu mmoja haizai kwa pamoja: huu leo, ule mwezi ujao. Ndege wanaoishi kwa matunda hupata chakula mwaka mzima kutokana na mpango huo, ila kwa sharti kwamba migumo iwe mingi na iwe inafikika. Mmoja peke yake humlisha shorobo wiki chache, kisha inambidi aondoke.

Jumatano, Makumbusho

Tangu 1971 watazamaji ndege wa Nairobi hukutana kila Jumatano asubuhi hapa Makumbusho ya Taifa na kutoka pamoja. Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha matembezi hayo, na vijana wengi ambao leo ni waongoza watalii na watafiti walijifunzia humo kushika darubini. Mimi pia nimejifunza mengi kwao. Leo nilitembea nao kidogo tu kisha nikarudi ndani, maana nilitaka kuona ukumbi wa ndege.

Ukiwaona shorobo wamepangwa pamoja nyuma ya kioo ndipo unapoelewa kwamba ni ukoo. Familia yao, Musophagidae, ina aina zipatazo 23, na zote, bila kubakisha hata moja, zinaishi Afrika kusini ya Sahara. Sisi Wakenya tumebahatika. Kakamega tunaye shorobo mkubwa wa buluu, mwenye urefu wa sentimita 75 hivi, mkia mpana na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Pwani, Shimba Hills na Arabuko Sokoke, yupo shorobo wa Fischer mwenye kishungi chekundu. Nyanda kame za Tsavo na Samburu ni za gowee, binamu wa kijivu anayelia kama kondoo juu ya migunga. Na wa Hartlaub ndiye wa nyanda za juu: Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon, kaskazini mwa Tanzania, na Nairobi. Sidhani kuna miji mikuu mingi duniani ambayo mtu anaweza kumwona ndege wa namna hii akiwa amesimama kwenye kituo cha matatu.

Ule wekundu wa bawa una habari yake. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza, Arthur Church, alichapisha uchunguzi wa rangi hiyo akaonyesha kwamba ndani yake mna shaba. Shaba ile ile ya waya za umeme. Akaipa rangi jina turasini, na zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ni madini hayo. Unyoya mwekundu wa shorobo ukitiwa kwenye maji yenye amonia kidogo, wekundu unatoka na kuyatia maji rangi. Kijani nacho si cha kawaida. Kasuku au ndege wengine wengi wa kijani huonekana hivyo kwa sababu unyoya wao umeumbwa kuutawanya mwanga juu ya rangi ya manjano. Kijani cha shorobo ni rangi halisi iliyomo unyoyani, turakovadini, nayo pia ina shaba. Ndege anaipata wapi shaba hiyo? Katika chakula, tunda kwa tunda, jani kwa jani. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kitambo kirefu, na hata leo nikiwa mbele ya kioo, nikitazama bawa lililofunguliwa, sikuweza kuondoka haraka.

Jambo lingine nililoliandika daftarini jana usiku: huko Wyoming, Marekani, kulipatikana mifupa ya ndege wa miaka milioni 52 hivi iliyopita, na utafiti wa 2018 ukamweka kuwa jamaa wa kale wa shorobo. Leo Marekani hakuna hata mmoja. Ukoo uliowahi kuwa na ndugu mbali kiasi hicho sasa umebaki nyumbani kwetu peke yake. Hilo linapaswa kututia uchungu tunapoinua msumeno.

Alhamisi, Arboretum

Manyunyu tangu alfajiri. Bustani hii ya hekta 30 ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kukua upesi, kuni za gari moshi. Kwa hiyo miti mingi ni ya kigeni na shorobo hana haja na mingi yao. Kima walikuwa wengi kuliko watu. Nilisikia shorobo mara moja, upande wa mto, nikanunua mahindi ya kuchoma nje ya lango nikarudi nyumbani.

Ijumaa, Kileleshwa

Leo ndiyo siku iliyonisumbua.

Kati ya Arboretum na misitu ya magharibi ya jiji kuna Kileleshwa na Lavington. Mtu akiangalia ramani atasema hapo hakuna msitu, na kweli hakuna. Lakini bustani za zamani zilikuwa na miti mikubwa, mugumo, muringa, muiri, mpera nyuma ya jikoni, na vilele vyao vilikaribiana. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya shorobo. Nilitembea mtaa kwa mtaa nikiifuata. Nyumba moja moja za ghorofa moja zimeondoka, na mahali pake pamesimama maghorofa ya kumi, kumi na tano, yaliyojaza kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta. Palipobaki udongo wamepanda minazi ya mapambo isiyolisha hata chiriku.

Kwenye kona moja niliwaona. Walikuwa wawili kwenye muiri wa zamani ulioinamia barabara, wakila matunda yake meusi yaliyoiva, na chini yao boda boda wameegesha wakisubiri abiria. Muiri ndio ule ambao gome lake linauzwa hadi Ulaya kwa dawa ya tezi dume, kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa. Shorobo hawalihitaji gome lake, wanataka tunda tu, na kila tunda wanalomeza wanaondoka na kokwa lake.

Kijana mmoja wa boda boda aliniona na darubini akauliza ninatazama nini. Nikampa atazame. Alikaa kimya, kisha akaita wenzake.

"Aisee, kumbe ndani ni nyekundu hivyo! Hawa tunawasikia kila siku, mathe."

Wakaondoka, shorobo nao wakaondoka, wa kwanza kisha wa pili, wakateleza juu ya nyaya za umeme hadi kwenye mugumo ulio nyuma ya ua wa mabati. Nikazunguka kwenda kuutazama. Ni kiwanja cha mjengo. Nyumba ya zamani imeshabomolewa. Mugumo umesimama pembeni kabisa, karibu na ukuta wa nyuma, na shinani umepakwa alama nyeupe ya msalaba. Mlinzi aliniambia alama hiyo ni ya miti itakayokatwa. Msimamizi alitoka, kijana mstaarabu mwenye kofia ngumu, akanisikiliza.

"Mama, mimi sina neno. Lakini ramani ndiyo inasema hivyo. Hapo watu wataegesha magari."

"Magari mangapi, mwanangu?"

Akatazama ramani yake. "Hapo kwenye mti? Mawili."

Jumamosi, Msitu wa Ngong Road

Matatu ya 111 hadi karibu na Racecourse, kisha kwa miguu. Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka 1932, na tangu hapo umemegwa na kumegwa. Barabara kuu ya Southern Bypass nayo imeupasua katikati. Bado ni mzuri ajabu. Nilikwenda na mwongozaji, mwanamke aliyekulia ukingoni mwake, Kibera, na anayeujua kama jikoni mwake.

Shorobo hapa ni wengi. Tulihesabu milio inayojibizana kutoka pande zote hadi tukaacha. Kabla ya saa nne dada huyo alinishika mkono akanionyesha mmoja amebeba kijiti mdomoni. Tukakaa mbali, tukatazama. Alikimbia nacho hadi ndani ya kichaka cha mtambazi kilichofunika mti, akatoka bila kijiti, akaleta kingine. Kiota chao ni jukwaa la vijiti tu, chepesi kama cha njiwa, kiasi kwamba ukiwa chini yake unaweza kuona mwanga ukipenya. Jike hutaga mayai mawili, na wote wawili, dume na jike, huatamia kwa zamu kwa wiki mbili na siku kadhaa. Makinda hulishwa matunda yaliyolainishwa tumboni mwa wazazi. Jambo la ajabu ni kwamba kinda huwa na ukucha mdogo kwenye bawa, na huanza kutambaa na kupanda matawini kabla hajaweza kuruka. Hicho ndicho kipindi cha hatari. Mwewe, bundi, kima, na watoto wenye manati.

"Wa manati tumewapunguza," mwongozaji aliniambia. "Tuliwaleta wenyewe ndani wakaona kinda. Sasa wao ndio wananiita, shangazi njoo, kuna kiota kipya."

Nilimuuliza kuhusu barabara. Alisema shorobo huivuka, ila pale tu ambapo miti ya pande mbili imesogeleana, na kwamba pale ilipopanuliwa na kuachwa wazi hajawahi kumwona hata mmoja akivuka. Ndicho nilichokiona Westlands, na ndicho kitakachotokea Kileleshwa. Msitu mmoja mmoja tumeulinda kwa jasho, na Karura kwa damu. Kinachokatika sasa ni ile miti ya katikati isiyokuwa na uzio, isiyotajwa katika tangazo lolote la serikali, iliyomo nyuma ya nyumba za watu. Shorobo wa City Park akikosa pa kupitia atabaki na migumo ile ile michache, atazaana na jamaa zake wale wale, na mwaka ambao migumo hiyo haitazaa hatakuwa na pa kwenda.

Nikiwa ndani ya matatu kurudi mjini niliandika barua kwa wenye kiwanja, kwenye karatasi za nyuma ya daftari.

Jumapili, Kileleshwa tena

Nimeichapa barua usiku na kuipeleka leo baada ya ibada. Nimeeleza nilichokiona Ijumaa, saa na mahali, na nimeambatanisha picha aliyopiga kijana wa boda boda kwa simu yake, maana inaonyesha mugumo na ndege pamoja. Nimeomba mambo mawili. La kwanza, mti ule uachwe, kwa kuwa uko ukutani na jengo lenyewe haliugusi, na yale magari mawili yasogezwe upande wa lango, ambako msimamizi mwenyewe amekubali kuna nafasi. La pili, badala ya minazi ya mapambo iliyochorwa kwenye ramani upande wa barabara, ipandwe miche mitatu ya muiri na muringa, na gharama ya miche nitailipa mimi. Wakazi watatu wa mtaa huo wametia sahihi pamoja nami, na vijana wa boda boda wote waliokuwepo stejini.

Msimamizi ameipokea kwa mkono wake na kunitilia sahihi kwenye nakala. Wenye kiwanja watakuja Jumatano kukagua kazi. Ameniambia nifike saa tatu.